Nusu Wazi

Tulinunua ngoma ya umeme kwa sababu haina kelele:
mama wa nyumba ya juu, hapa Nguba, alikuwa na mtoto mchanga
na sisi tulikuwa na mazoezi kila Alhamisi.
Aliyeiuza ni mhandisi aliyefunga virago upesi,
vipande tisa ndani ya boksi la biskuti,
ubongo mweusi wenye taa nyekundu,
na tundu moja lililoandikwa jina la kitu ambacho hakikuwemo.
Pedali ya sharle.

Sharle, kwa wasiopiga, ni matoazi mawili yanayotazamana,
na mguu wa kushoto ndio mpatanishi.
Ukikanyaga, chi. Ukiachia, shaaa.
Kati ya chi na shaaa kuna mahali,
upana wa ukucha,
ambapo wimbo mzima huvuta pumzi.

Nikaanza kutafuta.

Ya kwanza niliikuta Kadutu, chini ya pasi za mkaa zilizovunjika.
Jeki iliingia bila kubisha. Ubongo ukanyamaza.
Muuzaji akaipangusa kwa shati lake:
"Haikuharibika, ndugu. Iko inakataa tu."

Ya pili ilivuka Ruzizi na binamu yangu Bisimwa
ndani ya gunia la vitunguu; inanukia hadi leo.
Hiyo ilisema, lakini kinyume:
nikikanyaga inafunguka, nikiachia inafunga.
Wiki mbili nikaufundisha mguu wangu upya.
Nikaanza kujikwaa kwenye ngazi za kwetu.

Ya tatu ilifanana na ngoma kwa kila kitu,
rangi, jeki, hata herufi za chini ya tumbo.
Ilijua maneno mawili tu, wazi na fungwa.
Ule upana wa ukucha haikuwahi kuusikia.
Nikapiga ibada nzima hivyo,
na mzee wa kwaya, Ntabugi, akaniuliza mlangoni
nimegombana na nani.

"Kuingia si kuelewana," alisema Nabintu,
anayetengeneza redio karibu na soko la Essence.
Akagusisha sindano mbili za mita kwenye jeki,
akaniambia nikanyage polepole
kama mtu anayeshuka Kadutu siku ya matope.
"Umeona? Namba haitembei. Inaruka.
Ubongo wako unataka kusimuliwa njia yote.
Hii inauambia tu: nilitoka, nilifika."
Kisha: "Lete redio isiyo na mwenyewe."

Nyumbani ilikuwepo moja.
Baba aliisikilizia matangazo ya vifo
hadi lilipofika la kwake.

Nabintu aliing'oa roda ya sauti,
akaifunga kwenye pedali kwa waya wa breki ya baiskeli
na springi ya kalamu. Akalamba solda iliyomwunguza kidole.
Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani tukila karanga,
akinieleza jinsi alivyofukuzwa shule ya ufundi
kwa kuifungua kengele ya mkuu.

Saa nne usiku taa nyekundu ikawaka.
Nikakanyaga. Chi.
Nikaachia. Shaaa.
Nikashusha kisigino nusu, nikakishikilia hapo,
na spika ndogo ikatoa sauti
kama mandazi yanayotumbukia mafutani nyumba ya pili.

Tena. Na tena.
Lakini kila nikipita theluthi ya njia
palikuwa na mkwaruzo, krr, mfupi, mkavu.

"Hapo kaboni imelika," alisema Nabintu,
akiinamisha tochi ya simu.
"Mwenye redio alikuwa na sauti moja aliyoipenda.
Alifika hapo, akasimama. Miaka."
Akachukua pamba na spiriti.

Nikamwambia aache kwanza.
Sikumpa sababu, naye hakuiuliza.
Jumapili nitaliruka lile krr,
au nitaliweka mahali pake, kabla ya kiitikio,
sijajua bado.

"Franga elfu kumi na mbili," alisema,
"na maiti ya redio ibaki hapa.
Spika yake bado inafaa."